Kwa vijana wa soko la Kibaigwa

Mbukwenyi, wajukuu zangu.

Nasikia mnalalamika kwamba tangu treni ya mwendokasi ifike Dodoma mwaka 2024, abiria wa mabasi wamepungua na wali wa mama lishe unalala. Reli ile inapita Kilosa na Gulwe, huku kwetu kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma haigusi. Sitawadanganya kwamba abiria hao watarudi.

Mimi ni mtoto wa Kongwa. Baba yangu aliendesha trekta la Waingereza enzi za mpango wa karanga. Walianza kufyeka mwaka 1947, wakiota ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, wakajenga na reli kutoka Msagali. Baba alisema hakuwahi kumsikia mzungu akimuuliza mzee wa Kigogo mvua ya hapa inanyeshaje. Udongo ule ukikauka ni saruji. Karanga zilikwama chini kama misumari. Mwanzoni mwa 1951 London wakaufuta mpango, baadaye na reli ikang'olewa. Baba alirudi nyumbani na kofia ya kazi na deni la dukani. Jirani yetu aliyechekwa kwa kung'ang'ania uwele na ng'ombe ndiye aliyetulisha. Sehemu ya mashamba yale leo ni ranchi: nyasi zilikubali pale karanga zilipokataa.

Nyinyi mna mahindi, na afadhali, maana soko lenu limetokana na wakulima wenyewe. Lakini juzi nilikaa pale nikahesabu malori saba yakiondoka na mahindi ghafi. Nikaingia dukani kununua unga: pakiti imeandikwa Dar es Salaam. Muuzaji ananiambia ndio wateja wanautaka, mweupe. Haya. Na pumba je? Zimebaki huko huko, zinanenepesha kuku wa watu.

Koboeni hapa. Ila msikimbilie wote mashine moja. Nimeuona mtaa wenye mashine tano na wateja wawili. Mmoja akoboe, mwingine akamue alizeti, wa tatu achanganye pumba na mashudu, yaani makapi ya hiyo alizeti, awauzie wafugaji, wa nne awe fundi wa hizo mashine.

Na lumbesa, huko kumjazisha mkulima gunia kupita kipimo, iacheni. Mkulima akipata soko jingine hatakuja kuwaaga.

Jumamosi nitakuwa chini ya mkwaju, nyuma ya stendi. Njooni na daftari la hesabu zenu za mwaka jana, hasara zikiwemo.

Babu yenu, Kongwa