Mahakama ifuatilie yenyewe amri zake za talaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wasaidizi wa kisheria huku wilayani tunakutana nalo kila mara. Watu wengi huamini kwamba hakimu akishasoma hukumu ya talaka, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kwa wanawake wengi tunaowahudumia, na kwa wanaume kadhaa pia, siku ya hukumu ndipo kesi ya pili inapoanza, na hiyo ya pili haina anayeisimamia.

Hivi karibuni alikuja ofisini kwetu mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Nakala ya hukumu yake ameipeleka stationari ikafunikwa kwa plastiki ngumu, isilowe wala isichanike kwenye mkoba. Mahakama ya Mwanzo ilivunja ndoa, ikampa malezi ya watoto watatu, ikaamuru baba atoe shilingi 100,000 za matunzo kila mwezi, na nyumba waliyojenga pamoja wagawane nusu kwa nusu. Muhuri upo, saini ipo. Baba alilipa miezi miwili. Baadaye akawa anatuma elfu ishirini ishirini kwenye simu ya dada yake huyo mama, na mwisho akanyamaza kabisa. Ile nyumba amepangisha, na kodi anapokea peke yake.

Mama huyu alikaa karibu mwaka mzima akisubiri mahakama imwite mzazi mwenzake. Alidhani mahakama inajua kwamba halipwi. Haijui, na kwa utaratibu wetu wa leo haina sababu ya kujua, kwa sababu jalada likishafungwa, ni aliyeshinda anayepaswa kurudi kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Hilo hakuambiwa na mtu siku ile ya hukumu. Alitoka mahakamani akiwa na furaha ya kushinda.

Kukazia hukumu kwenyewe kuna njia zake, na sheria haikuwa bahili. Mahakama inaweza kukata sehemu ya mshahara wa mdaiwa kupitia mwajiri wake, kukamata mali kama pikipiki au mazao na kuikabidhi kwa dalali wa mahakama aipige mnada, na hata kumpeleka mkaidi gerezani kama mfungwa wa madai, yaani anayefungwa kwa kutolipa anachodaiwa, si kwa kosa la jinai. Lakini hebu uifuate njia hiyo ukiwa muuza mboga. Maombi yaandikwe. Samansi imfikie mtu ambaye ameshahama wilaya na amebadilisha namba ya simu. Mali yake uitaje wewe: iko wapi, imeandikwa jina la nani. Dalali naye hatembei bila nauli. Akiwa amehamia mkoa mwingine, jalada nalo lihamishiwe mahakama ya huko, na wewe ulifuate.

Na ukifika kwenye kifungo cha madai, kuna sharti ambalo kila ninapolieleza ninaona mtu akiniangalia kama sikusema sawasawa. Anayeomba mdaiwa afungwe ndiye anayetoa fedha za kumlisha akiwa gerezani. Mama wa mboga aliniuliza: "Yaani watoto hawajala, halafu mimi nimnunulie yeye chakula?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Sharti hilo labda linawafaa wadai wa biashara, watu waliokopeshana mtaji. Kulitumia kwa matunzo ya watoto ni kumfungia mlango mtu maskini huku ukimwambia uko wazi.

Kuhusu nyumba, shida inaanzia ndani ya hukumu yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wanawake wa nchi hii wanaijua haki hiyo kwa sababu ya uamuzi ule. Lakini hukumu nyingi tunazozisoma zinasema tu "wagawane nusu kwa nusu", nukta. Nani atamleta mthamini? Nani atamlipa? Mwenye kubaki ndani ya nyumba amlipe mwenzake ndani ya siku ngapi? Akishindwa, iuzwe na nani? Hukumu ikinyamaza kwenye maswali hayo, yule aliyeshika funguo ndiye mshindi, hata kama karatasi inasema vingine. Nimeona nusu ya nyumba ikibaki kwenye maandishi mpaka ukuta wenyewe ukaanza kubomoka.

Wengine wanakwama kwenye saini. Kiwanja kimeamriwa kihamie jina la mama, baba anakataa kusaini fomu za uhamisho, na mama anaambiwa mtaani kwamba bila saini hiyo hakuna kitu. Si kweli. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinairuhusu mahakama kusaini hati kwa niaba ya anayekaidi. Hata hivyo lazima uombe, na huwezi kuomba usichokijua. Vivyo hivyo wapo wanaotishwa kwa maneno "nimekata rufaa". Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Anayetaka usimame anapaswa kuiomba mahakama itoe amri hiyo. Neno rufaa limewanyamazisha watu wengi ambao wangeweza kuendelea na madai yao.

Niseme pia kuhusu ndugu zetu Waislamu wa huku Bara, kwa kuwa kosa hili linaumiza sana. Talaka iliyotolewa mbele ya kadhi na kuandikiwa karatasi ina uzito wake wa kidini, na mahakama huizingatia shauri likifika kwake. Lakini karatasi ile si amri ya mahakama. Dalali hawezi kuitumia kukamata mali, wala mwajiri hawezi kuitumia kukata mshahara. Anayetaka matunzo au mgawo wa mali utekelezwe kisheria lazima apite mahakamani. Zanzibar, ambako Mahakama ya Kadhi ni mahakama kamili, hali ni tofauti.

Wanaume nao wana malalamiko ya haki. Baba amepewa ruhusa ya kuwaona watoto "wakati wa likizo", basi, bila siku, bila mahali pa kukabidhiana. Akifika anaambiwa watoto wamekwenda kwa bibi. Wapo kina mama wanaowaficha watoto kwa sababu matunzo hayajalipwa, na wapo kina baba wanaoacha kulipa kwa sababu wamenyimwa watoto. Huwa tunawaambia wote wawili waziwazi: hizo ni amri mbili tofauti, na kuvunjwa kwa moja hakukupi ruhusa ya kuvunja nyingine. Anayenyimwa watoto arudi mahakamani na ampate afisa ustawi wa jamii. Asiyelipwa naye afanye hivyo hivyo. Mtoto anayehitaji ada ndiye huyo huyo anayemhitaji baba yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi ya deni. Kukiuka wajibu wa kumtunza mtoto ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sipendi kuona baba anafungwa, kwa sababu aliye gerezani hatafuti riziki. Lakini ninapoona mtu ana duka na pikipiki mbili za bodaboda, na bado watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa sare, siamini tena kwamba huyo anasumbuliwa na umaskini. Dawati la Jinsia na Watoto lililoko kituo cha polisi lisimrudishe mama kama huyu kwa kumwambia "hayo ni ya kifamilia, kaeni myamalize". Walishakaa. Walipitia baraza la usuluhishi la kata kabla ya kwenda mahakamani.

Ninachoomba kwa Mahakama ya Tanzania hakihitaji jengo jipya. Hakimu anapotoa amri ya matunzo, papo hapo apange tarehe ya shauri kutajwa tena, tuseme baada ya siku 60, na pande zote mbili zije na ushahidi wa malipo. Aliyekaidi aeleze sababu mbele ya hakimu yule yule, bila mwenzake kuanza kuandika maombi mapya na kutafuta nauli ya dalali. Amri itaje namba ya simu au akaunti ambayo fedha zitapita, ili ujumbe wa malipo uwe kumbukumbu na mchezo wa kutuma kwa shemeji ukome. Kama mdaiwa ni mwajiriwa, barua ya makato iende kwa mwajiri siku hiyo hiyo. Hukumu ya mgawo wa nyumba iseme mthamini, muda na nini kifuate muda ukipita. Gharama za kumlisha mfungwa wa madai ya matunzo zibebwe na Serikali.

Pale Temeke, Dar es Salaam, kuna Kituo Jumuishi cha mirathi na masuala ya familia, ambako mahakama na wadau wake wako mahali pamoja. Ni hatua kubwa na tunaipongeza. Mtu wa Mahenge au Gairo, huku mkoani Morogoro, hana kituo kama hicho, ila ana Mahakama ya Mwanzo yenye hakimu, karani na kalenda. Tarehe ya kufuatilia inaweza kuandikwa kwenye kalenda hiyo kwa waraka mmoja tu kutoka juu, na tunauomba waraka huo.

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro