Wito wa harambee: njia ya Sabaki hadi baharini itengenezwe kabla ya masika

Wazee wetu, ndugu na jamaa, vijana mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo, nanyi wageni mliowahi kutembea nasi kando ya Mto Sabaki, tunawasalimu.

Tunajua mmechoka na michango. Jasho la harambee ya madarasa halijakauka, na tulikaa vikao kadhaa tukiulizana kama tuna uso wa kubisha hodi tena. Kilichotutoa haya ni mvua zilizopita. Kivuko cha miti kwenye korongo, pale njia inapoacha mashamba na kuanza kushuka mtoni, kilisombwa usiku. Asubuhi watoto wa upande wa pili wakafika ukingoni na sare zao, viatu mkononi, wakakuta maji mekundu yanavuma. Wakubwa wao walitaka kuvuka wakiwa wameshikana mikono. Mama mmoja aliyekuwa akienda shambani aliwakemea mpaka wakarudi nyuma. Wengine walirejea nyumbani, na wale waliokuwa na mtihani siku hiyo wakakaa chini ya mwembe hadi jua la utosini wakingoja maji yapungue. Hayakupungua. Mama yule tunamwombea heri kila siku, kwa sababu bila yeye huenda waraka huu ungekuwa wa rambirambi.

Tangu hapo watoto hao huzunguka kwa barabara kuu, penye matatu na malori yanayokwenda mbio, na anayechelewa kutoka nyumbani hufika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha. Hilo ndilo linalotunyima usingizi. Mengine yote tunayoyaomba humu yanafuata nyuma yake.

Kwa asiyeijua, njia hii ya watoto ndiyo hiyo hiyo ya wageni. Inaanzia juu penye nyumba, inapita mashamba ya mahindi na migomba, inafuata ukingo wa mto hadi mikokoni, inatokea mlangoni mwa mto, kisha inashika ufuo kuelekea mji wa Mambrui. Mto wenyewe umetoka mbali. Huko nyanda za juu karibu na Nairobi unaitwa Athi. Ukishakutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, unapita maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki, na ukikaribia bahari ndipo unakuwa Sabaki wetu. Unakuja na udongo wa mashamba na malisho ya watu wengine, ndiyo maana ghuba ya Malindi inageuka nyekundu kila mvua inaponyesha bara, na ufuo wake umezidi kupanuka. Udongo huo umetuletea hasara nyingi, lakini pia ndio uliotandaza matope ya mlangoni, ambako heroe, wale ndege wanaoitwa pia flamingo, husimama kwa makundi na ndege wa ufuoni hushuka kwa maelfu kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi ya kwao. Viboko nao wapo. Na Mambrui, nani asiyejua kaburi lake la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China? Hapo hapo, mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua sarafu ya Yongle, mfalme wa China, ya kati ya 1403 na 1424. Hazina zote hizo mtu anaziona kwa asubuhi moja, kwa miguu yake mwenyewe. Wilaya ngapi zina bahati hiyo?

Sasa njia inakufa, na inakufa kwa sababu tunayoiona kwa macho. Sehemu ya mteremko ilichongwa moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kwa hiyo mvua ikinyesha maji huifanya mfereji. Kukiwa na tope, watu hukwepa pembeni; nyasi za pembeni zinakufa, udongo unabaki wazi, na mvua inayofuata inachimba zaidi. Mahali palipokuwa pa kupita mtu mmoja pamekuwa shimo ambalo ng'ombe akiingia hutoki naye bila kamba. Tumejaza mawe, tumejaza matawi, maji yameyabeba yote.

Fundi wa hapa kwetu, aliyejenga vivuko kabla ya hiki, ametueleza kazi inavyopaswa kwenda nasi tumekubaliana naye. Njia iachane na mteremko wa moja kwa moja, ikate kilima kwa ubavu ili maji yavuke na yasiifuate. Mitaro midogo ya mawe iwekwe kwa mshazari, kila baada ya hatua chache pale penye mwinamo mkali. Kivuko kipya kiinuliwe juu ya alama ya mafuriko, na nguzo zake za zege zisimame nyuma ya ukingo, si pale unapomomonyoka. Mikokoni tunataka daraja jembamba la mbao, kwa maana mizizi ile inayochomoza matopeni ndiyo pua ya mkoko. Ikikanyagwa kila siku mti unakufa, na mikoko ikifa bahari inaingia mashambani. Karibu na malisho ya viboko njia itasogezwa mbali na maji, na hakuna atakayeongozwa huko jua likishazama.

Upande wa pwani hatuhitaji saruji nyingi. Tunahitaji vibao. Wavuvi wetu wanajua bila kuambiwa kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili, na kwamba kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mgeni hajui. Anashuka ufuoni maji yakiwa yamepwa, anatembea akipiga picha, na siku ya bamvua, mwezi mpya au mpevu, anageuka na kukuta mchanga aliopitia umemezwa. Vijana wetu wamewahi kuwatoa watu hivyo kwa mashua. Kibao chenye nyakati za maji, kinachobadilishwa kila wiki, ni kitu kidogo sana kulinganisha na roho ya mtu.

Tunasema na wote kwa heshima, lakini tutasema wazi. Kila picha ya heroe mliyoiweka mtandaoni mliifuata kwa njia hii. Nyinyi mliosoma hapa na leo mna ofisi zenu, vumbi la njia hii lilikuwa miguuni mwenu siku mlipoitwa kupokea matokeo. Wazee waliojitolea ardhi ili njia ipite hawakumdai mtu hata shilingi. Na mkumbuke kwamba mnaweza: madarasa yale yaliezekwa kwa michango ya watu ambao wengi wao hatukudhani wangetoa, na mama mmoja muuza samaki alileta bati zake mbili kichwani. Tulijivuna nanyi siku ile mbele ya vijiji jirani, na bado tunajivuna.

Ndugu Waislamu mnajua kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na kwamba daraja ni sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake haikatiki. Ndugu Wakristo mmemsikia Isaya akihimiza njia itengenezwe nyikani. Msikitini na kanisani tangazo limekwisha kusomwa, na viongozi wa pande zote mbili wamo kwenye kamati.

Kuhusu hesabu: fedha zitaingia akaunti moja yenye watia saini watatu, kila risiti itabandikwa ukutani shuleni, na taarifa itasomwa hadharani kazi ikikamilika.

Si lazima iwe fedha. Mfuko mmoja wa saruji unapokelewa, lori la kokoto linapokelewa, nondo, mbao, misumari, karai, hata siku moja ya nguvu zako. Mwenye lori atusaidie kusomba mawe. Wavuvi wameahidi kubeba mbao za mikokoni kwa mashua bila malipo, na akina mama wa mashamba ya chini watapikia mafundi. Masika yanaanza Machi ikielekea kwisha, Aprili ikiingia. Zege linahitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kubeba mzigo, kwa hiyo nguzo lazima zimwagwe Februari isipite. Baada ya hapo tutakuwa tunatupa fedha zenu majini.

Mweka hazina atakuwa shuleni kila Jumamosi asubuhi kupokea michango na kuandika majina. Walio mbali watumie wawakilishi wao wa kamati, na anayetuma kwa simu aandike jina lake na neno NJIA, ili fedha hizi zisichanganyike na za madarasa.