Barua ya malalamiko: mafunzo ya usalama kazini yaliyoishia kwa karatasi

Malindi

Kwa Meneja Mkuu na wakurugenzi wa kampuni,

KUH: MAFUNZO YA USALAMA NA AFYA KAZINI AMBAYO WENGI WETU HATUKUPEWA

Assalam aleikum, na wale wasio Waislamu pia nawasalimu, hamjambo.

Mimi ni mfanyakazi wenu upande wa vyumba na londri hapa hotelini Malindi, wengi wenu mwanijua kwa sura. Naandika kwa sababu ya yale mafunzo ya usalama ambayo kampuni inasema wafanyakazi wote tumepewa na cheti kimetundikwa kwa korido ya ofisi kila mgeni akipita akione. Si kweli kwamba sote tumepewa. Na kijana wa watu nusura afe kwa chumba cha pampu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia ile dawa aliyoishika ni kitu gani. Nataka hili lirekebishwe kabla ya msimu wa Disemba, hoteli ikiwa bado haijajaa, na nataka nijibiwe kwa maandishi sio kuitwa pembeni niambiwe "tutaangalia".

Hayo mafunzo yalifanywa ukumbi wa mikutano, asubuhi, kabla hatujafungua msimu. Waliokuja ni watu wa ofisi, risepsheni, masupavaiza na sisi wachache wa shifti ya asubuhi tulioitwa dakika ya mwisho viti vijae. Wa usiku walikuwa wamelala kwao, askari hawangeacha geti, wa jikoni walikuwa wapokea mizigo ya stoo, wa bustani na wa bwawa hawakuitwa kabisa, na vibarua ndo usiseme, wao waliambiwa hayawahusu kwa sababu si pamanenti. Sasa mimi nauliza, kati ya mtu wa kompyuta na mtu anayebeba ndoo ya klorini nani anahitaji kufunzwa kwanza? Mlichagua watu kwa kuangalia nani ana nafasi saa hio, hamkuangalia nani yuko karibu na hatari.

Mkufunzi alikuwa mtu mpole na simlaumu yeye, lakini alisoma slaidi kwa Kingereza mwanzo mpaka mwisho na picha zote zilikuwa za viwanda na watu wa mjengo wamevaa helmeti juu ya vyuma. Hapakuwa na picha ata moja ya bwawa la kuogelea, wala makuti, wala mitungi ya gesi ya jikoni, wala zile mashine za londri zenye mvuke zinazotuchoma mikono kila siku. Wengi wetu hapa twatoka Ganda, Kakuyuni, Msabaha, Mambrui, Kiswahili twakisikia vizuri na kwa wengine Kigiriama ndo lugha ya nyumbani, na mzee wa kazi ya bustani hawezi kuinua mkono mbele ya meneja aseme sijaelewa hicho Kingereza, atanyamaza, atatikisa kichwa, na nyinyi mtaandika ameelewa. Mtungi wa kuzimia moto tulioneshwa kwa picha. Hakuna aliyeushika. Mpaka leo sijawahi kuchomoa ile pini na kwa upande wa vyumba ninaofanyia mimi mitungi iko miwili ukutani.

Nije kwa kijana wetu, jina lake silitaji hapa kwa sababu hajaniruhusu, lakini ofisini mwalijua. Yeye ni kibarua wa bustani. Yule mzee wa bwawa alikuwa ameenda likizo, na huyu mzee ndo mtu pekee anayeijua ile kazi, aliisomea kwa macho na kwa kuungua, si kwa kampuni. Asubuhi supavaiza akamwambia kijana shuka tia dawa wageni wataka kuogelea. Basi, hayo ndo maelekezo yote aliyopewa. Akashuka ngazi za chumba cha pampu, chumba chenyewe kiko chini ya ardhi, kidogo, dirisha hakina, na mle ndani klorini ya unga na asidi zimewekwa shelfu moja, asidi juu klorini chini, na asidi yenyewe imemiminwa kwa jerikeni ya mafuta ya kupikia isiyo na lebo yoyote. Akachukua ndoo ambayo chini ilikuwa imebaki asidi kidogo, yeye aona ni maji, akatia unga wa klorini.

Mnajua kilichotoka mle ndani ni nini? Klorini ya bwawa ikikutana na asidi yatoka gesi ya klorini yenyewe, ile ile iliyotumika kuua wanajeshi kwa vita vya kwanza vya dunia. Gesi hio ni nzito kuliko hewa, yakaa chini, haipandi ikatoka kwa mlango, kwa hivyo mtu aliye chini kwa shimo kama lile yeye ndo aivuta yote. Alitoka kwa magoti akitambaa kwa zile ngazi, macho mekundu yatiririka, akikohoa mpaka hawezi kusema. Watu wakakimbia, huyu aleta maziwa anywe, huyu ampepea kwa trei, mwingine ataka kushuka chini afunge ile ndoo na bahati nzuri alizuiwa. Maziwa hayatoi gesi kwa mapafu jamani. Alichohitaji ni kupelekwa mbali kwenye hewa safi na juu, avuliwe zile nguo, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka angalau dakika 15 mfululizo, na apelekwe hospitali ata kama asema anaskia nafuu, kwa sababu mapafu yaweza kujaa maji masaa kadhaa baadaye. Haya nimeyajua baadaye kwa kuuliza na kusoma mwenyewe. Siku ile hakuna kati yetu aliyeyajua, ata supavaiza mwenye cheti. Boksi la huduma ya kwanza lilikuwa limefungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyeenda benki, lilipofunguliwa mlikuwa na plasta na bandeji. Na tuktuk ya kumpeleka hospitali ilingoja geti mpaka mtu wa kuidhinisha pesa apatikane. Kijana anakohoa damu pale chini ya mwarobaini na sisi twangoja sahihi.

Alipona, Alhamdulillahi, lakini ata leo akipanda baiskeli kutoka kwao lazima ashuke apumzike njiani.

Supavaiza alituambia ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga na kinga yenyewe si ghali. Kutenganisha asidi na klorini, kila moja na chumba chake au angalau upande wake, na vitu vya maji maji visikae juu ya unga. Kila chombo kibaki na lebo yake na hakuna kumimina asidi kwa jerikeni ya chakula. Kikombe cha kuchotea kiwe cha dawa moja tu. Dawa ndo itiwe kwa maji, maji yasimwagwe juu ya dawa. Kusichanganywe aina mbili za klorini ata kama zote zaandikwa klorini, kwa sababu zaweza kushika moto au kulipuka. Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira ndefu, gambuti, na maski yenye chujio la gesi, si ile barakoa ya kitambaa ya wakati wa korona ambayo ndo mlimpa. Mtu asishuke peke yake. Yote hayo mzee wa bwawa angeweza kuyafunza kwa Kiswahili, pale pale kwenye pampu, watu wakiona kwa macho na wakishika kwa mikono, na lanchi isingefika hawajamaliza.

Na hatari hio hio iko kwetu vyumbani. Sisi twatumia jiki, ile dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo, na twatumia dawa ya choo yenye asidi, na wasichana wapya huchanganya wakidhani choo kitang'aa zaidi, alafu wafunga mlango kwa sababu mgeni hataki harufu itoke. Nimewatoa wasichana kwa bafu wakiwa na kizunguzungu, nikawaeleza mwenyewe. Hio si kazi niliyoajiriwa lakini nitaifanya nikiwa hapa.

Sasa jambo lililoniumiza zaidi. Baada ya ajali, kabla kijana hajarudi kazini, ofisi ilileta karatasi tusaini kwamba tumehudhuria mafunzo, na tarehe iliyoandikwa juu ni ile ya nyuma, ya kabla ya msimu. Watu wa bustani walisaini, wengine kwa kidole gumba, kwa sababu waliogopa kukatwa siku. Jina la kijana pia lilikuwa kwa ile orodha. Mimi nilihudhuria kweli lakini sikusaini ile karatasi, kwa sababu nikiisaini namsaidia mtu kusema huyu kijana alifunzwa akakosea mwenyewe. Hakufunzwa. Naomba karatasi ile ifutwe na watu waambiwe wazi imefutwa.

Sheria naifahamu kiasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mwenye mahali pa kazi lazima atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaotosha kwa kila aliyeajiriwa, haikusema wa pamanenti peke yake. Yasema pia mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambayo ndani yake wafanyakazi wana wawakilishi, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Sisi tunapita 20 mbali sana na hio kamati mimi sijawahi kuiona ikikaa, nasikia tu majina yako kwa faili. Ajali kama ile ilitakiwa iripotiwe kwa maandishi kwa kurugenzi ya usalama kazini, DOSHS, ndani ya siku 7, na kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka huo huo 2007, ambayo yafanya matibabu na fidia kuwa jukumu la mwajiri. Kijana amelipa dawa zake mwenyewe kwa kuuza mbuzi wa mamake. Nionesheni hio ripoti ilipelekwa lini.

Na kabla hamjafikiria kunipangia likizo isiyo na malipo, ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini yakataza mwajiri kumfukuza au kumuonea mfanyakazi kwa sababu amelalamikia jambo la hatari kazini.

Kingine ni moto. Hoteli yetu nzima ni makuti na boriti, mgahawa, baa, mabanda ya ufuoni, ata njia ya kwenda vyumbani. Disemba kaskazi inaanza kuvuma, makuti yamekauka, jikoni mafuta yachemka mchana kutwa, wageni wavuta sigara, na mwisho wa mwaka watu wapenda kurusha fataki. Makuti yakishika upepo ukiwepo hakuna wa kuyawahi, moto waruka paa kwa paa. Watu wa Malindi na Watamu hamna haja ya kuelezwa hili, tumeona mahoteli yakiteketea. Lakini ukiniuliza leo wageni wa upande wangu niwatoe wapite wapi na wakusanyike wapi, sina jibu nililopewa na kampuni, nina la kwangu nililolifikiria mwenyewe, niwashushe ufuoni. Mwenzangu wa shifti nyingine amefikiria parking. Tukiwa na moto wa kweli usiku, yeye atawapeleka huku mimi kule, na hakuna atakayejua nani amebaki ndani. Hatujawahi kufanya zoezi la moto ata mara moja tangu niingie, na vijana wa jikoni niliowauliza wamesema mafuta yakiwaka watamwaga maji. Maji! Maji kwa mafuta yanayowaka yalipua ule moto mpaka kwa paa.

Ninachoomba ni hiki. Mafunzo yarudiwe, kwa Kiswahili, kila idara mahali inapofanyia kazi, kwa makundi ili shifti zote zipate, wa usiku wakiwemo, na wakija saa zao za kupumzika walipwe. Vibarua wafunzwe siku ya kwanza kabla ya kupewa kifaa, na mtu ambaye hajafunzwa asitumwe chumba cha pampu ata kama wageni wako ukingoni na taulo. Zoezi la moto lifanywe na kila mtu ashike mtungi kwa mikono yake. Mchague watu wa huduma ya kwanza kila shifti wafunzwe vizuri, boksi lisifungwe kwa kufuli. Mzee wa bwawa apewe nafasi ya kufunza wenzake na alipwe kwa hilo, anajua kuliko slaidi zote. Kamati ikae, na wawakilishi wa wafanyakazi tuwachague sisi. Kijana arudishiwe pesa alizotumia, fidia yake ifuatwe, na akirudi apewe kazi ambayo haitamtesa kifua. Asidi itolewe kwa ile shelfu LEO, hio haihitaji mkutano.

Jibu nalitarajia ndani ya siku 14. Lisipokuja nitaipeleka barua hii kwa DOSHS na kwa chama cha wafanyakazi, pamoja na picha za chumba cha pampu nilizopiga.

Wenu,
Mfanyakazi, idara ya vyumba na londri

Nakala: Ofisi ya HR, supavaiza wa bustani na bwawa, ubao wa matangazo wa wafanyakazi