Kukiona Chumba cha Mionzi Kabla ya Kukiingia

Hull, Uingereza

Mpendwa Dada Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wauguzi wenzako wa wodini. Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea vyema.

Uliniuliza kuhusu uhalisia pepe, yaani picha za kompyuta zinazomfanya mtu ajione kama yumo mahali penyewe, nikachelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka kwanza niuone ukitumika kwa wagonjwa wenyewe. Mfumo wa hapa huitwa VERT, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mazingira pepe ya mafunzo ya tiba ya mionzi. Ulibuniwa katika mji huu huu, kwa ushirikiano wa chuo kikuu na hospitali, ili wanafunzi kama mimi tujifunze kuendesha mashine ya mionzi inayotibu saratani pasipo kumhatarisha mtu. Baadaye wagonjwa nao wakaanza kuonyeshwa.

Mgonjwa huketi na jamaa zake mbele ya skrini kubwa, wakavaa miwani maalumu, na chumba cha tiba kikawatokea kwa ukubwa wake halisi. Huona mashine ikikizunguka kitanda bila kumgusa aliyelala, na miale, ambayo chumbani haionekani kwa macho, ikikutana penye uvimbe. Hapo mzee mwenye saratani ya tezi dume huelewa kwa nini anaambiwa aje na kibofu kilichojaa: husukuma utumbo ukae mbali na njia ya mionzi.

Nilimkumbuka marehemu shangazi, na saratani yake ya koo. Hakuna aliyemweleza kwamba barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake ingekazwa kitandani, wala kwamba wahudumu wote wangetoka na kufunga mlango. Alidhani wamemkimbia. Laiti angejua kwamba walikuwa wakimtazama kwa kamera, kwamba mionzi haiumi inapopita, na kwamba baada ya dakika chache angefunguliwa, asingekaa nyumbani wiki mbili akikataa kurudi.

Hata hivyo, miwani peke yake haitoshi. Mama mmoja aliomba picha isimamishwe, akauliza kama ataweza kumpakata mjukuu wake. Akajibiwa kwamba mionzi inayotoka nje ya mwili, kama yake, haibaki mwilini. Jibu hilo lilitoka kwa mtu aliyeketi kando yake.

Skrini ile ni ghali, Dada, lakini simu zenu hurekodi video. Ombeni ruhusa mrekodi chumba chenu kingali kitupu, kitanda, mlango na barakoa, mkieleza kwa Kiswahili. Mkishaanza, niandikie mgonjwa wa kwanza aliuliza nini.

Wako akupendaye,
Mwanaisha