Kwa Nini Tunapima Nyonga za Mtoto Mchanga Mara Mbili

Lawama inayotufikia kila mara hapa kliniki, Dodoma mjini, ni kwamba tunamtoza mzazi mara mbili kwa kupima kama nyonga zilezile zimelegea au kuchomoka: mtoto akiwa na siku chache, kisha kwa utrasaundi akifikisha wiki 6. Wapo waliosema wazi kuwa wameibiwa, na kwa kuwa kazi hii tunaifanya kwa uangalifu mkubwa, tunaona ni haki yao kuelezwa.

Siku za mwanzo tunamlaza mtoto aliyeshiba na kutulia, bila nepi, na kuipima nyonga moja baada ya nyingine kwa njia za Barlow na Ortolani, ili kuhisi kama kichwa cha mfupa wa paja kinachomoka na kurudi mahali pake. Mtoto akilia hukaza misuli na mkono hauhisi chochote. Ndiyo maana tunasubiri anyamaze, na muda huo umo katika bei yetu. Ulegevu mdogo wa wiki za kwanza mara nyingi huisha wenyewe, hivyo utrasaundi ya mapema mno ingetufanya tuwatibu watoto wasio na ugonjwa. Wanaopaswa kurudi bila kukosa ni waliotanguliza makalio tumboni na wale ambao mzazi au ndugu yao alizaliwa na tatizo hili, na wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana.

Njia ya mkato inayotuumiza ni eksirei ya bei nafuu mtoto akiwa na mwezi mmoja. Umri huo kichwa cha paja bado ni gegedu, yaani tishu laini isiyokuwa mfupa bado, ambayo haionekani kwenye eksirei. Picha hiyo huanza kusaidia kwenye miezi 4 hadi 6. Mama mmoja wa Kongwa, ambaye bintiye alitanguliza makalio, aliambiwa kwa picha ya namna hiyo kuwa mtoto ni mzima, naye hakurudi. Tulimwona tena binti ameshaanza kutembea, akichechemea. Tatizo likigunduliwa mapema, mara nyingi mkanda wa Pavlik, unaoshikilia mapaja yakiwa yamekunjwa na kupanuka, ukivaliwa kwa wiki kadhaa hutosha. Binti huyo alihitaji upasuaji na hogo (plasta ngumu) kuanzia kiunoni.

Wengine hutuuliza kipimo ni cha nini ilhali wanabeba kwa mbeleko. Kumbeba mtoto mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka ni kuzuri kwa nyonga, na tunawasihi waendelee, ila mbeleko si tiba ya nyonga iliyokwisha kuchomoka.

Kuanzia sasa gharama za vipimo vyote viwili, pamoja na tarehe ya kurudi, zitaandikwa kwenye risiti ya kwanza. Njooni na kadi ya kliniki.