Mdogo wangu, mshenga hakuvunja ndoa yako

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu uliyoyasema uliyasema hadharani. Siku ya arobaini ya bibi, sinia za pilau zikiwa bado zinapita, ulininyooshea kidole mbele ya wazee: “Huyu ndiye aliyeniozesha, na huyu ndiye aliyenivunjia nyumba.” Baba mdogo akarudisha tonge kwenye sinia. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu.

Leo nakujibu kwa kazi ninayoijua. Kemia uliikimbia kidato cha pili, lakini hili utalielewa, maana mshenga umewahi kumtuma.

Unaikumbuka dawa ya chupa ya kahawia aliyotumiminia bibi magotini tukianguka? Ilivyotoa povu jeupe, nawe ukipiga kelele kabla haijakugusa! Ile ni haidrojeni peroksaidi. Ndani ya chupa hujivunja yenyewe kuwa maji na oksijeni, ila polepole mno. Ikikutana na damu, humo mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, basi kazi ya miezi inakwenda kwa sekunde. Lile povu ni oksijeni inatoka. Darasani natumia unga mweusi wa manganizi dayoksaidi. Natia kidogo tu, nashusha kijiti chenye kaa jekundu, kinawaka upya na darasa zima linashangilia. Ukiuchuja unga ule, ukaukausha na kuupima, uzito wake ni ule ule.

Hicho ndicho kichocheo: huharakisha kazi, chenyewe kisipungue. Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, aliipa kazi hiyo ya kichocheo jina mwaka 1835. Wengi husema kichocheo hakishiriki. Si kweli, kinashiriki sana. Wewe na mwenzio mlipendana, lakini nani angekwenda kwa baba yake? Ulikuwa huthubutu hata kupita mbele ya duka la mzee! Kizingiti hicho wanakemia hukiita nishati ya kuanzia. Kichocheo hakiongezi moto, kinafungua njia nyingine yenye kizingiti kifupi. Nilipeleka barua ya posa, nikakaa na wazee wake mpaka usiku, nikaomba mahari ipungue hadi ukaiweza. Nilishikamana na upande huu, nikashikamana na ule, mlipofungana nikaachia, nikarudi nyumbani na kanzu yangu ile ile.

Hapa ndipo uliponidhulumu. Kichocheo huharakisha tu, hakiamui mwisho. Chuma kinachotumika viwandani kuharakisha naitrojeni na haidrojeni ziwe amonia ndicho hicho huharakisha amonia irudi ilikotoka. Kipi kibaki kwa wingi, hilo huamuliwa na joto, mgandamizo na vitu vyenyewe. Sasa niambie, joto la nyumba yako nililipandisha mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi saa nane usiku na kutaka chakula cha moto?

Nakupenda, na unajua. Nani alikubeba mgongoni ulipougua surua? Ungeniuliza kabla ya kuoa, ningekwambia yule binti hapendi kufokewa. Nadhani nilikwambia. Ndiyo, nilikwambia, pale kwenye kituo cha daladala.

Kichocheo nacho huharibiwa. Madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli ya zamani yaliganda juu ya platinamu, kichocheo kilicho kwenye ekzosi ya gari, mpaka ile platinamu ikawa haifanyi kazi tena. Juzi kijana wa jirani alikuja kuniomba nimpelekee posa. Mama yake akamwita pembeni, akamnong'oneza. Hakurudi. Hayo yametoka kinywani mwako.

Mama watoto wako bado ananiita shemeji, na simu zangu anapokea. Ukitaka neno limfikie, nitalifikisha, hata kesho. Ila kwanza uwakalishe wazee wale wale, baba mdogo akiwemo, uwaambie kwamba ulichokisema siku ile si kweli.