Mitokondria ya kimelea cha malaria ina kazi nyingine

Ndugu Mhariri,

Mwulize mwanafunzi yeyote hapa Bagamoyo mitokondria ni nini, atakujibu upesi: kiwanda cha nishati cha seli. Kwa seli zetu amepata. Kwa Plasmodium falciparum, kimelea kinachotusumbua zaidi huku Pwani, jibu hilo linapotosha, na upotofu wenyewe unafika hadi kwenye dawa.

Kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu, kimelea hupata karibu nishati yake yote kwa kuvunja glukosi nje ya mitokondria. Hata ile mikunjo ya utando wa ndani inayochorwa vitabuni hakina. Kompleksi ya kwanza ya upumuaji, yaani la kwanza kati ya makundi ya protini yanayopitishana elektroni ndani ya mitokondria, ambayo kwetu ina protini zaidi ya 40, haipo kabisa. Nafasi yake imeshikwa na protini moja, NDH2, isiyosukuma protoni, msukumo ambao kwetu hutumika kutengeneza nishati.

Kwa nini basi kompleksi ya tatu na ya nne zimebaki? Kwa sababu ya pirimidini, malighafi ya DNA. Kimelea hakiwezi kuzichukua kwetu, lazima kizitengeneze chenyewe, na kimeng'enya chake DHODH hukabidhi elektroni kwa ubikwinoni, molekuli inayozibeba hadi kompleksi ya tatu. Kompleksi ya tatu isipozipokea elektroni hizo, ubikwinoni hujaa na DHODH husimama. Ushahidi ulipatikana mwaka 2007: vimelea vilivyopachikwa jeni ya DHODH ya hamira, isiyohitaji ubikwinoni, viliendelea kukua ingawa atovakwoni, dawa ya malaria, ilikuwa imeziba kompleksi ya tatu. Kwa hiyo dawa hiyo haikiui kimelea kwa kukikosesha nishati. Inakinyima DNA mpya.

Atovakwoni haifai kutumiwa peke yake. Badiliko moja kwenye saitokromu b, protini ya kompleksi ya tatu, kwenye asidi amino ya 268, latosha kuifanya isishike. Ndiyo maana kidonge cha mtu mzima huchanganya miligramu 250 zake na miligramu 100 za proguanili, dawa nyingine ya malaria. Kimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana atovakwoni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Tumbo likiwa tupu, kinachofika kwenye damu ni kidogo. Wala mtu asikinunue badala ya dawa mseto anayopewa zahanati.

Mambo hubadilika kimelea kinapojiandaa kuhamia kwa mbu. Gametosaiti, yaani vimelea vya hatua ya uzazi vinavyofyonzwa na mbu, zina mikunjo, na uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kompleksi za upumuaji zimejaa kwao kuliko kwa vimelea vinavyogawanyika kwenye damu. Ndani ya mbu upumuaji huo ni wa lazima: katika majaribio, vimelea vyenye badiliko la 268 vilishindwa kuambukizwa kupitia mbu. Kwa hiyo anayejaribu dawa mpya ya kompleksi hizi kwa vimelea vya damu pekee ameacha nusu ya kazi. Aijaribu pia kwa gametosaiti na ndani ya mbu.

Wasomaji wako,
Bagamoyo